Nguruwe wa Tonga na Sufuria Zangu za Hayes

Picha iliyonimaliza ni ile niko katikati ya ngazi ya meli, mkeka wa watu nimefungwa kiunoni kwa kamba ya nazi, buibui limelowa mafuta kutoka begani hadi kwenye pindo, kikapu kichwani, nami nacheka meno yote nje na kupunga mkono kama bibi arusi, kwa sababu nilidhani wale wazungu waliojipanga juu wananishangilia kwa kuwahi safari, kumbe kikapu kimeshaachia upande na kichwa cha nguruwe kimetokeza sambamba na shavu langu la kushoto, kimebanikwa kikawa chekundu, masikio mawili yamesimama, nacho kimetoa meno vilevile. Yaani ukituangalia tumefanana. Mnaijua picha hiyo, msijitie hamnazo, maana hapa Hayes, London, kuna watu hawajanipigia simu tangu Ramadhani na wiki ile walinipigia.

Naona haya, sitaficha. Mimi ni Zuhura, mnaniita Mama Nasra, umri umeshapita hamsini, shule niliiacha darasa la tano kwetu Faza, kwa hivyo nitaandika ninavyosema na makosa ya herufi mtanisamehe. Makosa mengine mimi sisamehe, na wenyewe nitawataja, Jaspal wa kwanza, Bi Rukia wa pili. Ile klipu mliyoiona inaisha kabla hujameza mate. Siku yenyewe ilikuwa ndefu.

Nilikuwa namtunza Mamaji pale Southall, bibi wa Kisingasinga aliyezaliwa Kisumu, Kiswahili chake cha nyuma ya kaunta ya duka la babake hakijawahi kumtoka. Mamaji alipandishwa meli akiwa mtoto, kwenda India na kurudi, na uzeeni akashika moja tu, anataka kusikia tena sakafu ikicheza chini ya miguu kabla hajafa. Mwanawe Jaspal (mtu mzima, ana upara, msimhurumie) akamtafutia safari ya huko Pasifiki, bahari ambayo mimi hata kwenye ramani sikujua inaanzia wapi, na kwa kuwa yeye hawezi kumwogesha mamake wala kumpa dawa, ikabidi niende.

"Zuhura, wewe iko kwenda na mimi," Mamaji aliniambia. "Hii Jaspal hata chai hapana jua pika. Mimi takufa na njaa katikati ya maji."

Tukapanda ndege nyingi hata nikakosa hesabu ya sala, tukashuka Tonga, tukalala, na asubuhi yake tukaingia melini. Meli ing'oe nanga saa kumi alasiri. Mamaji akanywa dawa, akasinzia, nami nikasimama kwenye reli nikiutazama mji. Mji mfupi, mabati na miti, minara ya makanisa kila upande. Jaspal akaja na miwani yake ya jua.

"Anti, nenda tembea. Mama amelala. Rudi saa tisa. Nikiona unachelewa nitakupigia."

Ishikeni sentensi hiyo ya mwisho, tutaihitaji.

Nikashuka peke yangu. Nje ya geti la bandari watalii wote wakakata kulia, kwenye vibanda vya shanga na fulana, mimi nikakata kushoto. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, kwenye kukata kushoto, na sikuwa na sababu yoyote isipokuwa pua: upepo uliniletea harufu ya tui la nazi lililoanza kushika moto. Miaka ishirini na kitu natia tui la kopo kwenye sufuria, jamani, na mtu akinusa tui la nazi iliyokunwa sasa hivi miguu haiulizi kichwa.

Nikaingia sokoni kwao. Nikakuta magimbi yamefungwa mafungu, mihogo, shelisheli, madafu, na wanawake wanene watulivu wamekaa nyuma ya bidhaa zao wala hawakuiti, hawakuvuti nguo, wanakutazama tu kama wanaojua utarudi. Mmoja anakuna nazi amekaa juu ya mbuzi, mbuzi kama ya kwetu, kigoda na ulimi wa chuma, nikasimama mbele yake nimeduwaa mpaka akacheka. Akasogea. Nikakaa, nikakuna. Wale wanawake walipiga makofi kama nimefunga goli! Nikamuuliza kwa Kizungu changu cha kazini majani yale ya magimbi wanayapikaje, naye hakusema neno, akanyanyua mikono miwili akakamua hewa, mkamuo ule ule wa mamangu, na kidole gumba kikamalizia vilevile. Nikajiuliza nani alimfundisha nani, maana kati yetu na wao kuna bahari mbili na mtu hawezi kukamua nazi hivyo kwa bahati.

Nikatoka hapo nimenogewa, kila kitu nataka kukijua. Makaburi yao yamepambwa vitambaa vya rangi na maua hata ungedhani ni vitanda vya arusi. Nguruwe wanajiendea zao barabarani, mama mbele na watoto nyuma wamejipanga, na kila nilipowaona nilikusanya buibui nikavuka ng'ambo (kumbukeni hilo pia, siku nzima nilikuwa nakwepa nguruwe). Na wanaume wamevaa vikoi kama wetu, ila juu ya kikoi wamejifunga mkeka. Mkeka kabisa, wa kulalia, kiunoni, na kamba. Nikamfuata mmoja mitaa miwili nione umefungwaje. Mwanamke mzima, mkongwe, ninamfuata mwanamume wa watu nikitazama kiuno chake! Yeye alikuwa na haraka zake, hakugeuka, akakata kona, akaingia nyumba yenye hema uani na watu wamejaa, wote wamevaa nyeusi.

Nikaganda. Matanga hayo. Lugha siijui, dini siijui, na bado nyumba ya matanga inajulikana kwa jinsi watu wanavyokaa.

Sasa niwaambie jambo ambalo Bi Rukia analijua fika na alinyamaza. Mamangu alipofariki Faza, mimi niko hapa Hayes, makaratasi yangu yako kwa wakubwa wa uhamiaji, ukitoka hurudi, na Nasra mchanga. Nikamzika mamangu kwa simu. Walikuwa wakinishikia simu nisikie watu wanasoma, na mtandao ukakatika wakati wa kumshusha. Tangu siku hiyo sipiti nyumba ya matanga, simjui maiti ninaingia, nahani, nakaa na wanawake, nikiambiwa nipike napika. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mpishi wenu wa matanga, kama mlikuwa mnajiuliza.

Basi nikaingia. Getini palikuwa na mwanamke wa rika langu, jina lake Sela, mkeka alioufunga mkubwa umechakaa unamfika kifuani. Akaniangalia buibui langu jeusi kutoka juu hadi chini, na mtandio wangu mweusi, akaona mtu amevaa msiba kuliko wafiwa wenyewe.

"Umetoka wapi?" akaniuliza kwa Kizungu.

"London."

Akashika mdomo. Nikajua anadhani nimetoka London kwa ajili ya msiba wao, nikamwahi: "Hapana, dada, mimi ni wa ile meli, napita tu, nimekuja kusema pole."

Akafikiri kidogo. "Mtu anayepita haingii," akasema. "Wewe umeingia." Akafungua kamba ya mkeka wake mwenyewe, akanifunga mimi kiunoni, akanishika mkono.

Ndani marehemu amelazwa juu ya mikeka, mkeka juu ya mkeka, bibi mdogo wa mwili, kafunikwa vizuri, na wanawake wamemzunguka sakafuni. Sela akaninong'oneza kwamba ni shangazi yake na mikeka yote ile kaifuma marehemu mwenyewe, ule wa juu aliumaliza macho yakiwa hayaoni tena. Nikakaa. Mimi ni mtoto wa msusi wa mikeka, mamangu alisuka ukili mpaka vidole vikapinda, na sisi kwetu mkeka ni mashupatu, unasuka utepe mrefu mwembamba kisha unashona utepe kwa utepe, kwa hivyo mkono wangu wenyewe ukaanza kutafuta mshono. Nikapapasa chini ya goti langu. Nikapapasa kushoto. Hakuna. Mkeka mpana kama chumba na hauna mshono! Umefumwa kitu kimoja, kwa majani ya mkadi, kutoka pembe hii hadi ile, na mimi nikainama nikiutazama kwa karibu mno, pua inagusa, nikijisemea angeuona huu mamangu, angekaa hapa siku nzima, angeuliza mpaka wamchoke. Na hapo, kwa kuwaza hivyo, nikalia. Nililia kweli, kwikwi, na wanawake wa pale wakanishika mabega bila kuniuliza nalilia nani.

Nilipomaliza nikaona wageni wanaweka vitambaa na mikeka miguuni pa marehemu. Mkobani nilikuwa na leso yangu, pea mpya haijakatwa, siendi mahali bila leso. Nikaiweka juu ya rundo. Nani angekaa mikono mitupu?

Leso ile ndiyo iliyoniponza. Kwao ukitoa, unarudishiwa, na mgeni wa mbali ndiye wa kupewa zaidi. Sikujua. Nikaletewa chakula, nikamwambia Sela kwamba mimi Mwislamu, nguruwe sili, akaelewa vizuri sana, akaniletea samaki na yale majani ya tui, nikala hadi nikalamba vidole, na Sela akaenda zake jikoni kusaidia. Nikakaa zaidi. Wanaimba, jamani, sauti nne nne, hakuna ngoma hakuna kitu. Nikatazama simu mara moja, saa yake ingali ya London, Jaspal hajapiga, nikasema basi saa tisa bado. Simu ilikuwa inashika hadi mistari minne, asije akasema mtandao.

Honi ya meli ndiyo iliyonitoa. Nikainuka, natafuta viatu, na wazee wawili wakanisimamisha mlangoni wakaniletea kikapu cha makuti yaliyosukwa mabichi, kikubwa, kizito, kimefunikwa majani ya ndizi, juu samaki wawili wa kuoka wanaonekana. Mmoja akatoa hotuba. Ndiyo, hotuba! Nami honi ya pili inalia.

"Samaki?" nikamuuliza Sela, aliyerudi anajifuta mikono.

Akachungulia. "Samaki," akasema, kwa sababu naye aliona niliowaona mimi. Waliokijaza ni wanaume wa kule nyuma kwenye shimo la moto, wakanipa fungu la mgeni mkubwa, na samaki wakawekwa juu kwa heshima yangu, mtu kawaambia nimependa samaki. Simlaumu Sela. Yeye hayumo katika majina yangu.

Ningekataa? Umeingia msibani kwa watu, wamekufunga mkeka wao, umelia wamekushika, halafu wakupe chakula ufungue uchunguze? Nyinyi mngefanya hivyo? Nikaweka ngata ya mtandio, Sela akanitwika, nikatimua mbio.

Barabara imezibwa na magari ya msiba, kwa hivyo nikakimbia kwa miguu yangu yenye gauti, mkeka unanipiga magotini, joto, na kitu cha moto kinatiririka shingoni, nikasema mafuta ya samaki hayo, utafua. Watu wa njiani wakanipisha kwa adabu. Wale nguruwe wa barabarani safari hii walisimama wakanitazama, na sasa naelewa kwa nini.

Nikafika. Ngazi bado iko chini, baharia mmoja anaichezea minyororo, na juu kwenye reli abiria wamejaa, katikati yao Jaspal. Simu ameishika. Nilipomwona na simu mkononi nilifikiri ananipigia, maskini mimi, hadi nikaanza kupapasa mkoba.

"Anti! Angalia hapa!" akapiga kelele. "Cheka! Punga mkono!"

Mimi nikacheka, nikapunga. Nimewahi, nimefurahi, mkono mmoja kwenye kikapu na mmoja hewani, na makuti mabichi yakishikwa kwa mkono mmoja yanaachia. Watu wakalipuka. Nikaona wamenipenda, nikapunga zaidi. Mzungu mmoja aliyekuwa karibu akanionyesha shavu langu kwa kidole, polepole, kama anayemwonyesha mtu nyuki. Nikageuza macho. Tukatazamana, mimi na yule.

Hapo ndipo klipu yenu inapoishia. Mimi sikuishia hapo.

Nilipiga ukelele uliofika hadi matangani. "Astaghfirullah!" mara ngapi sijui, nikakitua kikapu kwenye ngazi, magimbi yakaporomoka baharini, nikamwambia baharia chukua, chukua, kila kitu chukua, naye akakichukua kama aliyepewa mtoto. Nikakaa kitako pale pale. Mamaji akatoka na mkongojo wake, kaamshwa na kelele, akamwona nguruwe, naye Mamaji hata yai hali.

"Zuhura! Hii nini?"

"Nimepewa, Mamaji. Nilikuwa matangani."

"Matanga ya nani huku?"

"Simjui jina."

"Sasa wewe nalia nini?"

"Mkeka wake hauna mshono, Mamaji."

Akanitazama. Kisha akavua shela yake ile nyeupe, ambayo mimi ndiye huifua kwa mkono, akaanza kunifuta shingo mbele ya watu wote. Akamgeukia mwanawe. "Jaspal, weka simu chini. Zuhura hapana sinema." Na Jaspal alikuwa bado ameiinua! Niliona mwenyewe kile kitaa chekundu. Amerekodi yote, ukelele, baharia, shela, mamake akimgombeza.

Basi Jaspal akaikata klipu. Akabakiza kicheko na nguruwe tu, akawatumia binamu zake, binamu mmoja anafanya kazi ghala moja hapa Hayes na binti wa Bi Rukia, na kabla sisi hatujashuka kisiwa cha pili Bi Rukia ameshaitia kwenye grupu letu la akina mama, chini yake ameandika, "Mpishi wetu huyo, na kitoweo." Bi Rukia, mnajua, naye hupika. Nasra akanipigia melini, akaniambia kwa Kizungu kama kawaida yake, kwamba imefika hata kwa rafiki zake wa Manchester, na kwamba nisisome yaliyoandikwa. Nikayasoma.

Niliporudi nikasema yatapita. Akafariki Mzee Shee, Mungu amrehemu, nikapika pilau usiku kucha kama siku zote, sufuria mbili, nikazifunga kwa shuka na fundo langu. Nikazipeleka. Wanawake wakanipokea vizuri, shikamoo marahaba, kaa hapa Mama Nasra. Wakala mkate wa dukani. Jioni wakanirudishia sufuria zangu mlangoni, asante sana, Mungu akulipe, nikazishika na zilikuwa nzito vilevile nilivyozipeleka. Fundo ni langu mwenyewe. Hakuna aliyelifungua hata kunusa.

Wale watu wa Tonga hawanijui, walinilisha, wakanifunga mkeka. Nyinyi nimewazikia wazazi wenu.

Kikapu chochote nitakachopewa tena nitakifungua hadi chini, hata anipe shekhe, hilo nimeapa. Kuingia nyumba ya matanga sikuapa kuacha. Mkeka ule niko nao, nautandika hapa ninapoandika, na bado natafuta walipoungia.

Sasa wewe Jaspal, unayo klipu nzima kwenye simu yako, mamako ni shahidi, na Ijumaa nikija kumwogesha nitakuuliza mbele yake: kwa nini ulisema utanipigia usinipigie, na kwa nini ulikata pale? Toa dakika zilizobaki. Na wewe Bi Rukia, zikitoka, uzitie kwenye grupu lile lile kwa mkono wako, kisha uje kwangu ule. Nitapika. Fundo utalifungua wewe, na wote wawe wanatazama.